Msondo Ngoma: Bendi Moja, Majina Manne

Msondo Ngoma ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Mwaka huo serikali ilikuwa imevunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na kuunda chama kimoja, NUTA, nacho kikaanzisha bendi yake. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Bendi nyingi za zamani zilikuwa klabu za wanachama waliochanga wenyewe, na mpiga gita alipoondoka zilitetereka. NUTA iliweza kuajiri mwingine.

Muziki wake ulijengwa kwa magitaa yanayojibizana, tarumbeta, saksafoni na tumba. Wimbo huanza taratibu, waimbaji wakisimulia kisa beti kwa beti, kisha huingia chemko, sehemu ya kasi, na hapo ndipo wachezaji hujaa uwanjani. Mtindo huo ukaitwa msondo, jina la ngoma ya Wazaramo. Muhiddin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, aliuongoza kwa sauti nzito isiyo na haraka. Saidi Mabera aliupa gita la solo linalotambulika tangu noti za mwanzo.

Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri, hivyo nyimbo zilirekodiwa na kuhifadhiwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio ndiyo iliyozifikisha mbali na kumbi za Ilala na Kariakoo, hadi sehemu kama Isongole, kwenye baridi ya Rungwe kando ya barabara ya Mbeya–Tukuyu, ambako mtu aliweza kumjua Gurumo kwa sauti bila kumwona jukwaani hata mara moja.

Baada ya CCM kuundwa mwaka 1977, NUTA iligeuka JUWATA, na bendi ikawa Juwata Jazz. Pigo lilikuja 1978: Gurumo, mwimbaji Hassan Rehani Bitchuka na wenzao walihamia bendi ya Mlimani Park, yenye mtindo wa sikinde. Ushindani wa Msondo na Sikinde ukagawa mashabiki wa jiji kama Simba na Yanga, na ukazaa nyimbo bora za dansi nchini. Gurumo alipita pia Orchestra Safari Sound kabla ya kurudi Msondo.

Mwaka 1991 JUWATA ikawa OTTU, na bendi OTTU Jazz. Ufadhili wa chama ulipokwisha, wanamuziki walijitegemea kwa jina la Msondo Ngoma. TX Moshi William, mwimbaji na mtunzi aliyependwa mno, alifariki 2006. Gurumo alistaafu 2013 na kufariki Aprili 2014, mwaka ambao bendi ilitimiza miaka 50.