Wikiendi Ulaya: kwa Mangungo, Kilosa na Mikumi

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, asaimenti zilinikaba kooni. Sasa nimerudi, na leo nina stori ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako ukae vizuri.

Wenzetu wenye nazo wakipata siku mbili tatu za kupumzika utaona picha zao wapo Toledo au Seville huko Hispania, nyuma yao ukuta wa karne na karne. Sisi watoto wa bumu nasi tumekwenda Ulaya, tena kwa basi. Msicheke! Ulaya ni kata ndani ya wilaya ya Kilosa, ipo kwenye njia ya kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi. Haihitaji viza, inahitaji nauli na kiuno imara.

Tulikuwa wanne. Mimi, mwenzangu wa chumba anayesoma sheria (mbishi huyo, Mungu anamuona), na dada zetu wawili wa mwaka wa tatu. Ijumaa mchana tukapanda gari Msamvu, tukaiacha barabara kuu ya Dodoma pale Dumila, tukakata kushoto kuelekea Kilosa. Mpango ulikuwa wa kawaida tu: kula upepo, kuona treni, kuona tembo, kurudi. Ila mimi nilikuwa na kituo changu moyoni ambacho sikuwaambia mpaka tulipokaribia: Msowero.

Msowero ni kijiji cha barabarani kabisa. Mahindi, mpunga, bodaboda chini ya mti, kina mama na ndizi zao. Ukipita umelala huwezi kujua kwamba jina hili umelikariri tangu shule ya msingi. Wajerumani waliliandika "Msovero". Eeh, ndipo hapo hapo! Msovero ya Chifu Mangungo, tarehe 29 Novemba 1884.

Kiti cha mbele yetu kulikuwa na mzee mmoja, tukamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba wajukuu zangu, mnakwenda wapi?" Nikamwambia tunataka kuona kwa Mangungo. Akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Aliyeuza nchi huyo?" Basi karibu zima likacheka.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kila mjadala wa mikataba ya madini au bandari ukipamba moto nchi hii, lazima mtu atoe jina la Mangungo. Kiongozi akisaini kitu kibaya anaitwa Mangungo. Marehemu ameshakuwa tusi. Na sisi tuliosoma tunaliendeleza tusi hilo bila kuuliza habari yenyewe tumeipata kwa nani.

Haya, tuangalie aliyekuja na karatasi. Carl Peters alikuwa kijana wa miaka 28. Sio mwanajeshi, sio mfanyabiashara, ni msomi, daktari wa falsafa wa mwaka 1879. Na tasnifu yake iliandikwa juu ya nini? Mkataba wa amani wa Venice wa mwaka 1177! Yaani jamaa alikuwa mtaalamu wa makaratasi ya mikataba kabla hajaiona Saadani. Machi 1884 yeye na wenzake walianzisha chama cha ukoloni wa Kijerumani, na Novemba mwaka huo akatua Unguja kwa kificho pamoja na Jühlke, Count Pfeil na Otto. Serikali yake ilimpa taarifa kupitia konsuli kwamba asitegemee ulinzi wowote. Akavuka bara, na ndani ya wiki chache akawa na mikataba kama kumi na mbili ya Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Eneo alilodai kulipata ni kiasi cha kilomita za mraba 140,000. Jiulizeni, wiki chache, kwa miguu!

Alivyofanya ameeleza mwenyewe, tena kwa majigambo. Anafika kijijini, anatoa zawadi na kinywaji, wanachanjiana udugu wa damu na mwenyeji, kisha bendera inapandishwa, karatasi inasomwa kwa Kijerumani, wanapiga hurei, bunduki zinalia mara tatu. Kesho kijiji kingine. Mwenyeji ameona nini hapo? Ameona mgeni amekuja na zawadi, amekubali kuwa ndugu, na udugu wa kuchanjiana ni jambo zito kweli katika nchi hizi. Mgeni naye ameona shamba.

Karatasi ya Msovero inamwita Mangungo "Sultani", inasema ametoa nchi yake yote na haki zake zote kwa Dk. Peters kwa ajili ya ukoloni wa Wajerumani, na kwamba mkalimani aitwaye Ramazan amemweleza kila kitu akaelewa. Halafu mwishoni kuna maneno yaliyonifanya nishtuke niliposoma mara ya kwanza: kwamba Mangungo ametamka kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na hata hajui kama Sultani huyo yupo.

Wadau, hebu someni tena. Hajui kama Sultani wa Zanzibar yupo! Eneo hili la Usagara ndilo lililokuwa njia kuu ya misafara. Burton na Speke walipita upande huu 1857, Stanley akapita 1871 akimtafuta Livingstone, akakutana na masika kwenye mbuga ya Mkata, tope mpaka kiunoni, punda wanakufa. Na hao ni wazungu tu, ambao waliandika vitabu. Misafara ya pwani yenye bendera nyekundu ya Zanzibar, nguo, shanga na bunduki, ikienda kuchukua pembe na watumwa, ilikuwa inapita miaka nenda rudi. Halafu mkubwa wa kijiji cha jirani na njia hiyo asiwe amesikia habari ya Unguja? Hiyo ni sawa na mtu wa Msamvu aseme hajawahi kusikia mji unaoitwa Dar es Salaam.

Sentensi ile haikuandikwa kwa ajili ya Mangungo. Iliandikwa ili isomwe Berlin. Peters alihitaji kuonyesha kwamba ardhi hii si mali ya Sayyid Barghash, maana Barghash alikuwa anadai bara na Waingereza walikuwa upande wake. Mkutano wa Berlin ulifungwa 26 Februari 1885, na kesho yake tu Kaiser akatoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters. Barghash alilalamika. Agosti mwaka ule manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya kasri lake, mizinga imeelekezwa, naye akakubali. Kwa hiyo nchi haikuchukuliwa na alama ya mzee mmoja wa Msowero. Karatasi ilikuwa kisingizio, mizinga ndiyo iliyosaini.

Mwanasheria wetu akadakia (alikuwa hajapumua tangu Dumila). Hoja yake ni kwamba hata tukiukubali mkataba, mtoaji lazima awe na mamlaka ya kutoa. Wasagara hawakuwa na mfalme. Kulikuwa na wakubwa wa koo, kila mmoja na vijiji vyake vichache, na ardhi ni ya ukoo, tena ukoo unafuata upande wa mama. Mangungo hakuweza kuigawa Usagara hata angetaka, ni kama mimi niuze hosteli kwa sababu nina ufunguo wa chumba. Cheo cha Sultani alipewa na Peters ili karatasi ionekane nzito. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nilikubaliana na huyu bwana, msimwambie.

Na Peters aliishia wapi? Alipokuwa kamishna huko Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja, kesi ikaunguruma Ujerumani, mwaka 1897 akafukuzwa utumishi wa serikali. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Wanazi wakaja kumsafisha jina miaka ya 1930. Berlin kulikuwa na mtaa kwa jina lake, Petersallee, na ni Agosti 2024 tu ndipo ulipobadilishwa, kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee. Yaani Berlin wameshamwondoa Peters kwenye kibao, sisi bado tunamcheka Mangungo kwenye basi.

Tuendelee. Kutoka Msowero unapita Rudewa, na kutoka Kilosa kurudi upande wa mashariki kuna Kimamba. Huko ndiko kwenye mkonge. Mkonge uliletwa na Dk. Hindorf mwaka 1893 kule Pangani, ukasambaa mpaka hapa, reli ikaubeba. Mashamba makubwa yakataifishwa 1967, kisha kamba za plastiki zikaua bei, pori likarudi, watu wakalima mahindi ndani ya mistari ya mkonge. Ndiyo maana neno "shamba pori" huku linawatoa watu jasho. Na Rudewa Mbuyuni, tarehe 8 Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 kwa siku moja. Tulipita pale kimya. Ukitaka kujua kwa nini hii habari ya nani anamiliki ardhi ya Kilosa si habari ya kitabuni, hiyo tarehe inatosha.

Kilosa mjini tulilala gesti ya bei poa, wali maharage na mchicha, usingizi. Asubuhi tukaenda stesheni ya zamani. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam 1905, Morogoro wakafika 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mwaka ule ule wa 1905 Maji Maji nayo ilikuwa imefika mpaka maeneo haya. Ukisimama hapo stesheni ukaangalia magharibi unaelewa kila kitu bila mwalimu: milima imeziba, kuna mlango mmoja tu, nao ni bonde la mto Mkondoa. Misafara ilipita humo, reli ikapita humo, Agosti 1916 majeshi ya Smuts yakayakuta ya Lettow-Vorbeck yakirudi nyuma huku huku.

Ila mto una hasira zake. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulibomoa tuta, ukaingia mjini, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na reli ikasombwa vibaya mpaka treni ya kati ikasimama kwa miezi. Reli mpya ya SGR, iliyozinduliwa mpaka Dodoma 1 Agosti 2024, imepita kwa ubabe zaidi, imetoboa mahandaki milimani. Tuliisubiri ipite. Ilikuja, fyuu, ikaisha. Dada zetu walikuwa bado wanatafuta kamera kwenye simu. Ya zamani angalau inakupa muda wa kupunga mkono.

Jumamosi mchana tukaingia njia ya Mikumi, na hapo ndipo tulipofika Ulaya, vumbi tupu mpaka kwenye kope. Tukashuka, soda moja moja, picha chini ya kibao, tukasonga. Kuna reli nyingine inaambatana na upande huu, ile ya kutoka Kilosa kupitia Mikumi mpaka Kidatu, iliyofikishwa huko miaka ya 1960. Kidatu ndiko inakokutana na TAZARA, lakini kukutana kwenyewe ni kwa kuangaliana, maana upana wa reli ni tofauti na mzigo lazima uhamishwe.

Mikumi jina limetokana na miti, ile mikumi mirefu ya jamii ya mivumo. Miaka ya 1950 barabara ya Morogoro kwenda Iringa ilipofunguka, wawindaji nao wakapata njia ya mkato, wanyama wakaanza kuisha. Mwaka 1964 ikatangazwa hifadhi ya taifa, leo ina kilomita za mraba 3,230. Lakini barabara ikabaki ndani. Halafu Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru kule Rhodesia, Zambia ikakosa njia ya kusini, na petroli yake ikabidi ipite huku kwa malori, mchana na usiku, kwenye vumbi na utelezi. Bomba la TAZAMA likakamilika 1968, lami ikafuata miaka ya mwanzo ya 1970. Ukombozi wa kusini umepita katikati ya swala.

Ndiyo maana Mikumi ni hifadhi ya ajabu, ya maskini na tajiri. Lami imekata ndani yake kilomita 50, na abiria wa basi la kawaida anaona twiga, pundamilia, nyani na tembo bila kulipa kiingilio. Jumapili kwenye gari la kurudi Morogoro tuliona tembo saba, nyati sikuhesabu. Wanyama ndio wanaolipa. Wanagongwa, hasa usiku, pamoja na matuta na vibao vya mwendo. Dereva wetu alipunguza kweli kwenye matuta, na baada ya kila tuta alikuwa anajirudishia muda wake. Mama mmoja nyuma akampigia kelele: "Wewe kijana, hao wana watoto!" Akapunguza.

Gharama kwa wanaotaka kwenda: nauli, gesti mbili na chakula, ukijibana bumu haliumii sana. Nendeni kiangazi, masika msijaribu, muulizeni Stanley. Picha nitaziweka mtandao ukikaa sawa.