Pwagu na Pwaguzi: Mwizi wa redioni na mwizi wa zizini

Na Mwandishi Wetu

MWIZI hana rafiki Tarime. Katika kata ya Matongo, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Wakurya mkoani Mara, ng'ombe ni akiba ya nyumba, ni mahari na ni heshima ya mwenye boma. Aliyeamka alfajiri akakuta zizi tupu hana la kuchekea.

Hata hivyo, katika miaka ya 1970 na 1980 Watanzania walikaa karibu na redio zao na kuwacheka kwa furaha walaghai wawili waliojulikana kwa majina ya Pwagu na Pwaguzi. Mchezo wao wa vichekesho ulirushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti zao zilikuwa za waigizaji Rajabu Hatia na Ali Keto. Yafaa kujiuliza: inawezekanaje watu wanaomchukia mwizi wakampenda anapokuwa redioni?

Swali hilo si geni duniani. Katika fasihi ya Ulaya yuko mhusika anayeweza kuitwa mwizi muungwana: mtu wa mavazi nadhifu na maneno matamu, anayeiba kwa akili bila kumwaga damu, na ambaye msomaji humwombea asikamatwe. Mwandishi wa Kiingereza E. W. Hornung alianza kuchapisha visa vya mwizi wake, A. J. Raffles, mwaka 1898. Mchana Raffles ni mchezaji hodari wa kriketi. Usiku huvunja makabati ya matajiri. Huko Ufaransa, Maurice Leblanc alimleta Arsène Lupin mwaka 1905.

Redio iliwapa wezi hao maisha mapya. Marekani ilimsikia Vincent Price akiigiza The Saint kati ya mwaka 1947 na 1951. Radio 4 ya BBC ilirusha visa vya Raffles kati ya mwaka 1985 na 1993, Jeremy Clyde akiwa Raffles na Michael Cochrane akiwa rafiki yake Bunny. Utamu wa redio ni kwamba msikilizaji haoni kitu. Husikia hatua, mlango unaofunguka na sauti ya mtu asiye na wasiwasi, kisha mengine huyachora mwenyewe. Mwizi asiyeonekana ni rahisi kumpenda.

Lakini si kila mtu alifurahi. Hornung alikuwa shemeji wa Arthur Conan Doyle, muumba wa mpelelezi Sherlock Holmes, na kitabu cha kwanza cha Raffles alimtabarukia Doyle. Doyle alikisifu kwa ufundi wake, lakini alishikilia kwamba si vema kumfanya mhalifu kuwa shujaa.

Waswahili walikuwa na jibu lao kabla redio haijafika. Methali yasema pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi mjanja hatimaye hukutana na mwizi mjanja zaidi yake. Majina ya walaghai wa Radio Tanzania yalitoka katika methali hiyo, na hapo ndipo walipoachana na Lupin. Lupin humshinda polisi na kutoweka. Mlaghai wa Kiswahili hubeba hukumu yake katika jina lake, na msikilizaji ajuaye methali hungoja kwa hamu kuona mtego utamnasa nani.

Wahusika hao wana ukoo mrefu. Yuko Sungura wa ngano, na yuko Abunuwasi wa hadithi za pwani. Hata upande wa upelelezi, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliyemleta Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, alifuata nyayo za Sherlock Holmes. Mpelelezi, basi, alipata ndugu wa Kiswahili. Mwizi muungwana hakumpata kirahisi, kwa kuwa neno lenyewe linamkataa. Zamani muungwana alikuwa mtu huru asiye mtumwa, na baadaye neno likawa na maana ya mtu mwenye adabu. Nchini Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Tarime, Leonard Mambo Mbotela alianzisha mwaka 1966 kipindi cha redio kilichouliza kwa jina lake, Je, Huu ni Ungwana? Kwa msikilizaji wa kipindi hicho, mwizi muungwana ni maneno yanayopingana.

Ikumbukwe pia hali ya nyakati zile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na nguo vilikuwa adimu, na ulanguzi ulishamiri. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Vichekesho vya watu wanaoishi kwa ujanja havikuwa mbali na maisha ya aliyepanga foleni dukani. Aliyetapeliwa mchana angeweza jioni kumsikia tapeli akitapeliwa.

Kwa Tarime onyo la Doyle lina uzito wa pekee. Zamani kijana wa Kikurya aliyerudi na ng'ombe kutoka kwa watu wa nje alipokewa kama shujaa, na mifugo hiyo ilimsaidia kuoa. Biashara ilipoingia, ng'ombe wa wizi wakawa wa kuuzwa, hata kuvushwa mpaka, na jirani akaanza kumwibia jirani. Ushujaa ukageuka msiba. Wakurya walikuwa na iritongo, mkutano wa hadhara ambapo watuhumiwa wa wizi walitajwa na kushughulikiwa. Baadaye vikaja vikundi vya sungusungu, na Jeshi la Polisi likaunda Kanda Maalumu ya Tarime na Rorya.

Mahali kama hapo, kicheko kina kazi. Mwizi anayesifiwa huzaa wafuasi, lakini mwizi anayechekwa hupungukiwa na fahari. Pwagu na Pwaguzi walipendwa sana, ila walipendwa kama watu wanaostahili kuchekwa, si kama vijana wa kuigwa.

Radio Tanzania haipo tena kwa jina hilo. Kazi yake imerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Tangu Radio One ianze mwaka 1994 masikio ya wasikilizaji yamegawanyika, na tangu mwaka 2021 vijana wengi wamemjua Lupin kupitia filamu za mfululizo za Netflix. Mzazi anayeketi nao kuzitazama anaweza kuwasimulia habari za Pwagu, kisha awaulize: na huyu Lupin, pwaguzi wake ni nani?