Istilahi na Elimu ya Waganga Wakiwa Kazini: Mapitio ya Kihistoria

Kata ya Machochwe imo katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wakuria, wakulima na wafugaji. Tumeichagua iwe mahali petu pa kutazamia mambo katika makala haya, ingawa hatudai kwamba kuna istilahi iliyobuniwa huko. Sababu yetu ni ya kawaida kabisa. Mhudumu wa afya katika kata kama hiyo husoma miongozo ya tiba ambayo kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza. Huzungumza na wakubwa wake wa Mugumu na Musoma kwa Kiswahili. Na mbele yake ameketi bibi kizee ambaye aghalabu hueleza maumivu yake kwa Kikuria. Elimu mpya ya tiba itokapo Geneva au Dar es Salaam haijamfikia bibi huyo mpaka imevuka vivuko hivyo vyote, na katika kila kivuko hutozwa ushuru.

Swali tunalotaka kulichunguza ni hili: mtu aliyekwisha kuhitimu uganga amefundishwaje tena katika nchi yetu, na mafunzo hayo yameitwaje? Litaonekana kuwa swali dogo la majina. Lakini majina hayo yalionyesha nani alidhaniwa kuhitaji elimu, na mara kadhaa istilahi ilifika zahanatini ikiwa imechelewa kuliko dawa.

Tuanze na majina ya watu. Kiswahili kilikuwa na mganga, lenye shina la Kibantu, mkunga, na tabibu, lililotoka katika Kiarabu. Daktari likaja na Wazungu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwafunza madresa kwa ajili ya zahanati za tawala za wenyeji. Dresa alifundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, na jina lake lenyewe lilimwekea mpaka, kwani katika lugha lilikotoka halina maana zaidi ya mfunga vidonda. Baada ya Uhuru ngazi ziliongezeka: mganga msaidizi vijijini, mganga msaidizi, daktari msaidizi, daktari. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na siasa ya kupeleka huduma vijijini iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 ikaeneza zahanati mahali ambapo hapo kwanza palikuwa na dresa tu, au hapakuwa na mtu.

Neno moja katika safu hiyo lastahili kuangaliwa kwa makini, nalo ni msaidizi. Mganga msaidizi vijijini alikuwa msaidizi wa nani? Katika zahanati ya mwisho wa barabara hakuwapo mkubwa wa kusaidiwa. Huyo msaidizi ndiye aliyepima, ndiye aliyeamua, ndiye aliyetoa dawa, na usiku ndiye aliyeamshwa. Istilahi ilimweka chini ya mtu asiyekuwapo. Matokeo yake hayakuwa ya lugha tu. Kwa kuwa cheo kilikuwa ngazi ya kupandia, kujifunza zaidi kulimaanisha kupanda, na kupanda kulimaanisha kuhama. Mganga msaidizi vijijini hodari alichaguliwa kwenda chuoni, akarudi akiwa na cheo kikubwa zaidi, akapangiwa kituo kikubwa zaidi. Hata leo neno kujiendeleza, likitamkwa na mtumishi wa afya, watu huelewa kwamba anaaga. Katika miaka ya 1990 cheo hicho kilianza kuachwa, na miundo ya utumishi ikaleta tabibu na tabibu msaidizi. Tunakubali kwamba tabibu ni neno zuri, tena la zamani. Lakini msaidizi bado yumo. Wananchi kwa upande wao hawakujisumbua na ngazi hizi. Kwao avaaye koti jeupe ni daktari.

Mafunzo ya mtu asiyehama kituo chake yalipewa majina mengi, na wingi huo wenyewe waonyesha kwamba jambo halikupata kukaa sawasawa. Tuna mafunzo kazini, ambayo yasema mahali lakini hayasemi lengo. Tuna mafunzo rejea, ambayo yamdhania mwanafunzi kuwa amesahau, ilhali mara nyingi yeye hakusahau chochote. Ni tiba iliyobadilika. Tuna semina, neno pana mno. Magazeti yetu yana namna yake: wauguzi "wanolewa", matabibu "wapigwa msasa". Msasa ni mti wenye majani makavu yakwaruzayo, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Sitiari hiyo ina utamu wake, na mwandishi wa makala haya ameitumia zaidi ya mara moja. Hata hivyo ubao haujui lolote kabla fundi hajafika, na mwuguzi wa miaka 20 kazini anajua mengi ambayo mwalimu wa semina hayajui.

Siku hizi twasikia pia mafunzo endelevu na maendeleo endelevu ya kitaaluma. Hapa pana mgongano. Endelevu limekwisha kuzoeleka katika maendeleo endelevu, kwa maana ya maendeleo yasiyoharibu riziki ya vizazi vijavyo. Kulitumia neno hilo hilo kwa elimu isiyokoma ni kulitwisha mizigo miwili. Sisi tungependekeza mafunzo endelezi, walau kwa majaribio, na tungefurahi kusikia hoja za wanaopinga. Jambo hili si la kupuuzwa, kwa sababu katika miaka ya karibuni mabaraza ya taaluma, lile la madaktari na lile la uuguzi na ukunga, yameyafungamanisha mafunzo haya na leseni. Jina lililoandikwa katika kanuni litakuwa jina la kitu ambacho mtu akikikosa hataruhusiwa kutibu.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuthibitisha uwezo wake katika elimu ya afya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kujifunza, ikiwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 na washiriki karibu milioni 2. Watu walijadili vyoo, maji na malaria kwa lugha yao ya taifa. Jambo la kushangaza ni kwamba wakati raia alisoma afya kwa Kiswahili, mganga wake alipotaka kujifunza zaidi alirudishwa kwenye Kiingereza. Shirika la AMREF, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957 likajulikana kwa madaktari wake wa ndege, lilitayarisha vitabu na masomo ya posta kwa watumishi wa vijijini. Arusha nako kulianzishwa katika miaka ya 1980 kituo cha kuendeleza elimu ya watumishi wa afya. Kazi hizo zilikuwa za maana sana, lakini vitabu vyake vingi vilikuwa vya Kiingereza, na aliyevisoma alibaki na kazi ya pili ya kutafuta peke yake maneno ya kumwambia mgonjwa. Mahali pa baraza la istilahi pakashikwa na mtu mmoja mwenye foleni mlangoni.

Ugumu huo ulidhihirika ulipoletwa mpango wa kutibu watoto ambao Kiswahili huuita matibabu ya magonjwa ya watoto kwa uwiano. Tanzania iliuanza mwaka 1996. Ulimtaka mhudumu amtazame mtoto mzima, asikimbilie ugonjwa mmoja, na katika wilaya zilizoufuata vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 13 vikilinganishwa na wilaya jirani. Mafunzo yake kamili yalichukua siku 11. Kwa hospitali kubwa siku 11 ni chache. Zahanati yenye mhudumu mmoja au wawili ni karibu kufungwa. Na neno uwiano, ambalo mwanafunzi wa shule amelijua katika hesabu, halikumsaidia mtu kufahamu kwamba jambo linalotakiwa ni kuunganisha.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa malaria. Mwaka 2001 klorokwini, ambayo vizazi viwili viliijua kwa uchungu wake na mwasho wake, iliachwa kuwa dawa ya kwanza, ikafuatwa na SP, vidonge vitatu mara moja. Mwishoni mwa mwaka 2006 SP nayo ikaanza kupisha dawa yenye atemetha na lumefantrini: kwa mtu mzima vidonge 4 kila mara, mara 6 katika siku 3, jumla 24. Kwa muda wa miaka mitano hivi kila mhudumu wa nchi hii alitakiwa kufundishwa upya mara mbili juu ya ugonjwa anaoutibu kila siku. Kamusi ya Tiba ya TUKI ilitoka mwaka 2003, katikati ya mageuzi hayo.

Safari hii lugha ilifanya kazi yake vizuri. Dawa ikaitwa dawa mseto. Kila mtu ajuaye jiko la Kiswahili anajua mseto, mchele na choroko vilivyopikwa pamoja chungu kimoja. Neno likaeleza kwa nini dawa mbili zapewa kwa pamoja, na likaingia kinywani mwa mnunuzi kama lilivyoingia kinywani mwa mfamasia. Tunalitaja kwa furaha kwa sababu mifano ya namna hii si mingi.

Hatua iliyofuata haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa wakitibiwa malaria kali; damu yao ilipochunguzwa kwa uangalifu, ni 2,062 tu waliokuwa na vimelea. Wale wasiokuwa navyo walikufa kwa wingi zaidi, asilimia 12 kwa 7, na wengi wao hawakupewa dawa ya ugonjwa uliokuwa ukiwaua. Hapana shaka vifaa vilikuwa duni na mazoea yalikuwa na nguvu. Lakini sisi watu wa lugha hatuna budi kukiri sehemu yetu: katika mazungumzo ya kila siku homa ilikuwa imekwisha kuwa malaria. Mama akisema mtoto ana homa, utambuzi wa ugonjwa ulikuwa umefanyika kabla hajaingia mlangoni, na mhudumu, ambaye ni mzungumzaji wa lugha hiyo hiyo, aliupokea.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na dawa yake chenyewe. Homa ya mapafu, homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, homa ya manjano, homa ya ini: lugha ilikwisha kupanga homa kwa vyanzo vyake. Mafunzo yalipokuja kusisitiza kwamba si kila homa ni malaria, yalikuwa yanamkumbusha mhudumu jambo ambalo msamiati wake ulikuwa umelihifadhi. Mwalimu aliyeanza somo kwa orodha hiyo ya homa alikuwa na kazi nyepesi kuliko aliyeanza kwa michoro ya Kiingereza.

Wilaya ya Serengeti ina mfano wake mwingine, ambao tutaupitia upesi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wamefuatilia huko kichaa cha mbwa na kuchanja mbwa vijijini. Jina ni wazi, nalo lina hatari yake. Aliyeng'atwa na paka au fisi, jina halimtaji, na asipotajwa huenda asione haja ya kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi na kuwahi chanjo. Hatupendekezi jina libadilishwe. Tunataka mafunzo yalieleze.

Turudi kwenye malaria, na kwenye meza ya mhudumu. Baada ya Shirika la Afya Duniani kuelekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza, kipimo cha haraka kilienea mpaka zahanatini. Zamani, damu ilipotazamwa kwa darubini, majibu yalikuwa na idadi, na wananchi wakajijengea istilahi yao wenyewe: "nimekutwa na malaria tatu", au "wadudu wanne". Kitaalamu neno ni vimelea, lakini wadudu ndio waliohesabika. Kipimo kipya hakihesabu. Chaonyesha mstari mmoja au miwili, na mhudumu amefundishwa kusema hasi au chanya, maneno mawili yaliyotoka darasa la hesabu. Mgonjwa aliyekuja kwa miguu kutoka mbali husikiliza kwa adabu, kisha huuliza: "Wangapi, daktari?" Katika mwongozo wa mafunzo hakuna jibu la swali hilo, na orodha zetu za istilahi nazo hazijalitoa.