Kesi ya makaa ya mawe ya Mui

Kesi ya Mui ni maombi matatu yaliyounganishwa na kuamuliwa na Mahakama Kuu, Machakos, mwaka 2015. Wenyeji wa bonde la Mui, Kaunti ya Kitui, walipinga kampuni ya Kichina ya Fenxi kupewa kibali cha kuchimba makaa ya mawe chini ya mashamba yao. Ombi la kwanza liliwasilishwa 2012. Mkataba ulitiwa saini 2013, kesi ikiwa ingali mahakamani. Walalamishi walisema hawakushirikishwa, kinyume cha Katiba ya 2010.

Walishindwa. Hata hivyo, maneno ya majaji yamewafaa wengine kuliko walioshtaki: umma upewe habari za kutosha kabla ya kuombwa maoni; si lazima kila mtu asikizwe wala kila rai ikubaliwe, lakini wanaoathirika wasiachwe nje, na mikutano isiwe ya kutimiza ada tu. Tangu hapo mahakama zimetumia kipimo hicho kukagua sheria na miradi mingine nchini.

Majirani wao wa Makueni walishika njia ya bunge la kaunti, lililotunga mwaka huohuo wa 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga, ambao huweka maji katika mito ya msimu.