Akiba haiozi, ya friza huoza

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuache siasa kidogo tuingie jikoni. Ninayo sababu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika mtaani kwetu, mjini Geita, siku tatu mfululizo. Mke wangu ni muuguzi, na kazi yangu mnaifahamu, haina saa. Kwa hiyo, kama zilivyo nyumba nyingi za mjini ambamo baba na mama wote hutoka alfajiri, tumejizoeza kupika Jumapili chakula cha juma zima. Maharage, nyama ya kuchemsha, mchuzi wa sato. Vikishapoa vinagawanywa katika vibakuli na kuingizwa kwenye friza. Jioni unatoa kibakuli, unapasha moto, unasonga ugali, mmekula. Siku ya pili ya giza maji yalianza kutiririka sakafuni. Siku ya tatu tulifungua mlango, na harufu yake sitaisimulia, maana wengine mnasikiliza mkiwa mezani.

Chakula chote tulikifukia nyuma ya nyumba. Jioni ile tulikula matobolwa. Mama yangu alikuwa ametuma kifuko kutoka kijijini, upande wa Kishapu, miezi minne kabla, nasi tukakiweka juu ya kabati na kukisahau. Hakikuwa na kasoro hata moja.

Kwa msikilizaji asiyetoka Usukumani, nieleze. Sisi tuna vyakula viwili vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na watu wa mjini huvichanganya. Michembe ni viazi vibichi; vinaachwa vinyauke kidogo, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa. Hivyo utavipika baadaye, pengine na karanga, ukavila na maziwa ya mgando. Matobolwa ni kitu kingine. Hivyo huchemshwa kwanza hadi viive, ndipo vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa juani, mara nyingi juu ya yale majabali yetu makubwa ambayo mchana huwaka kama kikaango. Baada ya hapo havihitaji moto tena. Mchungaji anatia mfukoni, anatafuna akiwa nyuma ya ng'ombe. Kwa maneno mengine, matobolwa ni chakula kilichopikwa mapema na kuwekwa akiba, sawasawa na vile vibakuli vyetu vya Jumapili.

Kwa nini ustadi huu ulikolea Shinyanga, na si Bukoba, ambako viazi vinalimwa pia? Jibu liko mawinguni na ardhini. Kagera mvua hunyesha misimu miwili, na mtu anaweza kuviacha viazi shambani akachimbua kidogo kidogo kila anapohitaji. Shinyanga mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei hivi, kisha ni ukavu mtupu hadi Oktoba. Ardhi ikikauka hupasuka, na katika nyufa hizo fukuzi hupenya na kukifikia kiazi. Ukikiacha ardhini kinaliwa na mdudu. Ukikichimbua kikiwa kibichi, hakikai wiki nyingi kabla ya kuoza. Basi wazee wetu walilitumia lile jua linaloua mazao kuwa ndilo la kuyahifadhi. Karibu robo tatu ya uzito wa kiazi ni maji, na vijidudu vya uozo haviishi pasipo maji. Friza huyagandisha maji hayo. Jua huyaondoa kabisa. Tofauti ni kwamba kazi ya friza lazima iendelee kila saa, usiku na mchana, wakati jua likishamaliza kazi yake halidai kitu.

Maarifa haya hayakuwa ya anasa. Serikali ya kikoloni ya Waingereza, iliyotaka pamba itoke Usukumani, iliijua njaa ya nchi hii, na kupitia mamlaka za wenyeji ikawalazimisha watu kulima mazao ya njaa, yaani mihogo na viazi. Lakini tazameni kalenda: pamba huvunwa kuanzia Juni, na miezi hiyo hiyo mikavu ndiyo ya kuanika michembe. Mzigo huo wa pili ulimwangukia nani? Kina mama. Mchana walikuwa kwenye pamba, jioni wakakaa na kisu na rundo la viazi. Bei ya pamba imeandikwa katika vitabu vya historia. Saa za kina mama wale hazikuandikwa popote.

Kisha ukaja mwaka 1974, mwaka wa Operesheni Vijiji huku kwetu, nao ukaangukia katika kipindi cha ukame mkali kilichoilazimu nchi kuagiza nafaka kutoka ng'ambo. Bibi yangu alitusimulia jinsi walivyoambiwa wahame. Kihenge hakibebeki, alisema, na nyumba haibebeki. Alichobeba ni mtoto mgongoni na kikapu cha matobolwa kichwani. Mahali papya hapakuwa na jiko wala kuni za kutosha, na chakula kisichohitaji moto ndicho kilichowafikisha hadi walipojenga. Yule mtoto wa mgongoni ni mama yangu mdogo, naye yu hai hadi leo.

Sasa nikiri jambo. Mwaka 1995 nilipoanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni, bibi huyo huyo alinifungia mfuko wa matobolwa. Wenzangu waliotoka mijini waliuona, wakacheka, wakaniita jina ambalo sitalitaja. Usiku nilikwenda nikaumwaga mfuko wote nyuma ya choo. Likizo bibi aliponiuliza kama vilitosha, nikamwambia vilitosha, nikamshukuru. Alifariki bila kujua. Nimeukumbuka mfuko ule nikiwa na koleo mkononi, nikifukia nyama iliyooza.

Tusidhani kwamba aibu ile ilikuwa yangu peke yangu. Tangu mwaka 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na baadaye migodi mikubwa ilipofunguliwa, Bulyanhulu na Geita, fedha imeingia katika ukanda huu, na pamoja na fedha imeingia fikra kwamba chakula kilichoanikwa ni cha mtu aliyeshindwa. Binti aliyezaliwa mjini Geita anajua kupanga vibakuli katika friza, lakini muulize kipande cha kiazi kiwe na unene gani ili kikauke kabla hakijaota ukungu. Hajui, na mama yake pengine hajui pia.

Wenzetu hawakuona aibu. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, wakulima hugandisha viazi mviringo kwa baridi ya usiku, kisha huvikamua maji na kuvikausha kwa jua la mchana, na vikikauka hukaa miaka. Hata friza yenyewe ina mwalimu wa kijijini. Mmarekani Clarence Birdseye aliwaona Wainuit wa Labrador wakigandisha samaki katika upepo wa baridi kali, akarudi kwao akatengeneza mashine, na mwaka 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa vikaanza kuuzwa madukani huko Springfield, Massachusetts. Yaani alijifunza kwa wenye nchi, akapata utajiri. Sisi tumezaliwa na walimu nyumbani, tukawacheka.

Sisemi tuzitupe friza. Mke wangu amekwisha kuijaza tena, nami ninakula. Jua nalo lina kasoro zake: mvua ya ghafla huharibu kazi ya siku tatu, dumuzi huingia katika akiba isiyofunikwa vizuri, na viazi vya rangi ya njano hupoteza sehemu ya vitamini A vikiachwa juani muda mrefu. Lakini nyumba yenye akiba ya aina moja tu, tena inayotegemea waya unaotoka mbali, haina akiba. Ina matumaini.

Kwa hiyo Juni ijayo, Mungu akitujalia, ninawapeleka wanangu Kishapu kwa mama. Nimemwomba awafundishe kuanzia kuchemsha hadi kuanika. Alicheka kwenye simu, akaniuliza: "Kwani friji yenu imekufa?" Nikamjibu, hapana, mama, ipo. Ila sitaki ninyi mje mfe na ya kwenu.

Tukutane juma lijalo.