Sengu, Mganda na Kipimo cha Presha

Kwa Wamatengo wa milima ya Mbinga, sengu ilikuwa mahali na pia utaratibu. Wanaume wa ukoo walikutana kwa mzee wao, kila mke akapeleka chakula alichopika, wakala pamoja huku wakiamua mambo ya mashamba na ugomvi wa jamaa. Mwenye shida hakulala nayo peke yake.

Roseto, mji wa wahamiaji Waitaliano huko Pennsylvania, Marekani, uliishi karibu hivyohivyo. Miaka ya 1960 daktari Stewart Wolf na wenzake walikuta watu wanaovuta sigara na kukaangia mafuta ya nguruwe, ilhali vifo vya moyo vilikuwa vichache kuliko miji jirani. Sababu waliiona kwenye udugu: vizazi vitatu nyumba moja, kanisa, vyama. Vijana walipoanza kujitenga, vifo vikapanda.

Sengu nayo imefifia, na wengi wanaililia. Mimi nina neno nao. Waliopunguziwa mawazo pale ni wanaume. Wanawake walipika, tena ndio waliokuwa na jembe kwenye mashimo ya ngoro, wakifukia nyasi zilizopangwa miraba miraba mteremkoni. Mazoezi yapo, tele. Mapumziko je?

Ukishuka mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay au Liuli, unakuta ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, na unakuta mganda: ngoma ya wanaume waliojipanga safu, hatua za gwaride zilizoigwa kwa askari wa enzi za ukoloni. Wanawake wana kihoda yao. Hapo mwambao unaizidi milima, kwa sababu jasho, furaha na ujirani vinakuja kwa mpigo mmoja, na mama ana uwanja wake.

Hata hivyo udugu na ngoma havipimi presha: haiumi, na hakuna mzee anayeiona kwa macho. Inataka kile kitambaa kinachobana mkono. Shida ya hospitali iko kwingine: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, anaambiwa baba, ambaye mwiko haushiki, dawa anapewa yeye, naye huziacha akijisikia nafuu, na nyumbani hakuna aliyeelezwa amkumbushe.

Ningekuwa na sauti wilayani Nyasa, kipimo ningekipeleka siku vijiji vinaposhindana mganda, na habari ya chumvi ningeanza nayo kwa wachezaji wa kihoda, waume zao wakiwa wamekaa palepale wanasikiliza.