Redio ya Sufuria, na Jinsi ya Kuifufua Redio ya Zamani

MASOMO YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Somo la Historia

Ninyi mlio pamoja na mwalimu wenu, sogeeni karibu na redio. Na ninyi mtakaolisoma somo hili baadaye katika karatasi, someni polepole, aya moja moja, kisha jibuni maswali yaliyo mwishoni.

Leo nataka kuwaelezeni habari za chombo hiki hiki kinachowaletea sauti yangu. Lakini sisemi habari za redio za siku hizi. Nasema habari za redio ya babu zetu, ile nzito, yenye chupa za kioo ndani yake. Katika nyumba nyingine iko hata leo, imewekwa juu ya kabati, au imetupwa ghalani pamoja na majembe mabovu. Mtoto akiuliza, "Hiki ni kitu gani?" huambiwa, "Ni redio ya babu, imekufa."

Basi, nataka mshike jambo moja: redio nyingi za namna hiyo hazikufa. Zilikosa chakula, ndipo zikanyamaza. Mtu anayejua habari zake anaweza kuzifanya ziseme tena, bila kuziunguza wala kujidhuru nafsi yake.

CHUPA ZA KIOO

Hapo zamani watu waliiita redio "simu ya upepo," kwa sababu habari zilikuja bila waya. Sauti hutoka stesheni ikichukuliwa na mawimbi, ikasafiri mbali sana, na inapofika katika waya wetu wa kunasia mawimbi imekuwa dhaifu mno. Haiwezi kutikisa spika. Lazima ipewe nguvu kwanza. Katika redio za zamani kazi hiyo ilifanywa na valvu.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa ndani. Mwaka 1904 Mwingereza mmoja, John Ambrose Fleming, alitengeneza valvu yenye sehemu mbili: uzi mwembamba wa chuma unaopashwa moto, na bamba linalopokea umeme kutoka katika uzi ule. Mwaka 1906, huko Marekani, Lee de Forest aliongeza sehemu ya tatu kati ya hizo mbili, kama wavu.

Wavu huo ndio ulioleta mabadiliko makubwa. Fikirini mfereji wa maji shambani, wenye kilango cha ubao. Mtoto mdogo anaweza kukiinua na kukishusha kilango kile kwa mkono mmoja, na maji mengi yatafuata mkono wake, mara mengi, mara machache. Nguvu ya mtoto ni ndogo, lakini inatawala nguvu kubwa. Ndivyo valvu inavyofanya. Mawimbi dhaifu hugusa wavu, na umeme mwingi unaopita hufuata mwendo wake.

Lakini valvu hutaka chakula cha aina mbili. Hutaka umeme mdogo wa kuupasha uzi moto, tena hutaka umeme mkubwa wa kuvuta kuelekea kwenye bamba. Kumbukeni maneno haya, chakula cha aina mbili, maana tutayarudia.

SUFURIA ILIYOSEMA

Sasa twende kwa jirani zetu wa kusini, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni ilianzisha stesheni ya redio katika mji wa Lusaka ili kuwapa Waafrika habari za vita. Matangazo yalisomwa katika lugha za wenyeji, kama Kibemba na Kinyanja. Lakini ni nani aliyesikia? Redio zilikuwa chache na ghali. Watu wengi walisikia tu pale palipowekwa redio ya watu wote. Stesheni isiyo na wasikilizaji ni kama mwalimu anayefundisha madawati matupu.

Mkuu wa Idara ya Habari, Harry Franklin, aliona kwamba dawa ni redio ya bei nafuu ambayo mtu aishiye mbali na umeme anaweza kuinunua mwenyewe. Baada ya vita alizungukia watengenezaji wa Uingereza akiwaomba waitengeneze. Wengi hawakuona faida ya kuwauzia watu maskini. Mwisho kampuni ya Ever Ready, iliyokuwa ikitengeneza betri, ilikubali, na mwaka 1949 redio zile zikaanza kuuzwa.

Nanyi mtafurahi kusikia umbo lake. Ili kupunguza gharama, watengenezaji hawakuunda sanduku jipya. Walichukua sufuria ya alumini kabla haijatiwa mpini, upana wake inchi 9, yaani sentimita 23 hivi, wakaipaka rangi ya buluu, wakatia ndani spika na valvu 4. Kwa hiyo ikaitwa Redio ya Sufuria. Alumini hailiwi na mchwa, wala haipasuki kwa jua kama mbao.

Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100. Msidhani ni fedha kidogo. Kwa vibarua wengi wa wakati ule ilizidi mshahara wa mwezi mzima. Hata hivyo watu waliinunua. Mwenye redio hakusikiliza peke yake. Jioni majirani walikusanyika uani kwake, wakasikia habari, nyimbo na barua zilizoandikwa na wasikilizaji wenzao.

Sasa tazameni jambo lenye maana kubwa. Serikali iliitaka redio ili iseme na watu. Lakini mtu akishapata masikio, hutumia na akili zake pia. Mwaka 1953 Waingereza waliiunganisha Rhodesia ya Kaskazini na Rhodesia ya Kusini na Nyasaland kuwa Shirikisho moja. Waafrika wengi walilipinga, wakihofu kutawaliwa na walowezi. Ndipo wasikilizaji walipoanza kuishuku stesheni ile ile waliyoipenda, na watangazaji Waafrika wakatiliwa mashaka na ndugu zao kwamba wamenunuliwa. Redio iliweza kuingia katika kila uwanja, lakini haikuweza kumlazimisha mtu kuamini. Shirikisho lilivunjwa mwishoni mwa mwaka 1963, na Zambia ikapata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964.

KWA NINI ZILINYAMAZA

Huenda mtauliza, "Ikiwa redio ile ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini ilitupwa?" Jibu ni betri. Betri yake iliuzwa pauni 1 na shilingi 5, yaani shilingi 25, ambayo ni robo ya bei ya redio yenyewe. Ilidumu kwa saa 300 hivi. Mwalimu, waandikie wanafunzi hesabu hii ubaoni: mtu akisikiliza saa 3 kila siku, 300 gawanya kwa 3 ni siku 100. Basi kila baada ya miezi mitatu na siku chache ilimpasa kutafuta shilingi 25 nyingine. Mwaka wa mavuno mabaya alizikosa, na redio ikanyamaza ukutani.

Kisha kikaja kitu kipya. Mwezi wa Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, wataalamu walitengeneza transista, kitu kidogo kinachofanya kazi ya valvu bila kioo wala moto. Mwaka 1954 redio ndogo za transista zilianza kuuzwa Marekani, na katika miaka ya 1960 zilienea Afrika. Hizi zilitosheka na betri za tochi, ambazo kila duka la kijijini liliziuza. Watu wakanunua redio mpya, na betri kubwa za zamani zikaacha kutengenezwa. Redio ya babu haikuharibika. Chakula chake kilitoweka dukani.

JINSI YA KUIFUFUA

Sasa nawaelezeni kazi yenyewe. Nasema kwanza habari za redio ya betri.

Moja. Usiiunganishe na umeme siku ya kwanza. Haraka ya kutaka kusikia imeharibu redio nyingi kuliko uzee. Fungua mgongo wake, uondoe vumbi kwa brashi laini. Mara nyingi utakuta utando wa buibui na nyumba za nyigu. Kabla ya kuchomoa valvu, chora picha kuonyesha kila valvu ilikaa wapi, maana zikirudishwa vibaya redio haitasema.

Mbili. Pima uzi wa kila valvu kwa mita. Uzi mzima hupitisha umeme, uliokatika haupitishi. Msiamini macho peke yake. Uzi wa valvu za betri ni mwembamba sana, na nuru yake ni hafifu hata mchana haionekani. Watu wengi wametupa valvu nzima wakidhani ni mbovu kwa sababu hawakuona mwanga.

Tatu. Tazama kapasita, yaani vile vidumu vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Zile za zamani zilitengenezwa kwa karatasi iliyotiwa nta. Baada ya miaka mingi unyevu huingia, na umeme huvuja. Kapasita ya kuangaliwa kwanza ni ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, kwa sababu ikivuja huiua valvu ile. Nunua mpya yenye kipimo kile kile, na volti zisizopungua zile za zamani. Badili moja, ulehemu vizuri, ndipo uende kwa nyingine. Ukikata tano kwa mara moja utasahau waya gani ulikwenda wapi.

Nne. Skrubu ndogo zilizo juu ya visanduku vya chuma ndani ya redio, usiziguse. Fundi wa kiwandani alizirekebisha ili redio inase stesheni sawasawa. Ukizizungusha kwa kujaribu tu, utaharibu kazi yake.

Tano. Tafuta chakula cha aina mbili. Soma maandishi ya mgongoni kujua volti zake. Redio nyingi za betri za wakati ule zilitaka volti moja na nusu kwa uzi, na volti 90 kwa bamba. Volti moja na nusu hutoka katika betri moja kubwa ya tochi. Volti 90 utazipata kwa kuunganisha mfululizo betri 10 ndogo za volti 9, maana 10 mara 9 ni 90. Volti 90 si mchezo. Usishike waya wake mtupu, na watoto wakae mbali.

Hapa sikilizeni sana. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha waya hizi mbili kwa kukosea, nikapeleka volti 90 mahali pa moja na nusu. Valvu zote nne zilikatika kwa mara moja, kabla sijaondoa mkono. Hazikutoa hata mlio. Tangu siku ile nafunga kitambaa chekundu katika waya wa volti 90, na kabla ya kuunganisha nasoma mara mbili.

Mwisho, funga waya mrefu nje, juu, mbali na nyaya za umeme, uuunganishe na redio. Usishangae ukikosa stesheni za mjini, maana redio hizi hazina FM. Lakini usiku, katika masafa mafupi, stesheni za nchi za mbali bado husikika.

REDIO ZA UMEME WA UKUTANI

Redio za valvu zinazotumia umeme wa ukutani zina hatari kubwa zaidi, kwa hiyo msizifungue bila fundi anayezijua. Katika baadhi yake fremu ya chuma imeunganishwa na umeme wenyewe. Ukiishika, umeushika umeme. Tena kapasita zake kubwa huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Na redio iliyokaa miaka mingi ikichomekwa ghafla, kapasita zile zaweza kupasuka na transfoma ikaungua. Mafundi hutanguliza balbu ya taa katika njia ya umeme: balbu ikiwaka sana na kuendelea kuwaka hivyo, wanajua kuna kasoro, nao huzima mara moja.

Wanafunzi wetu, redio ya babu ni ukumbusho. Inatukumbusha kwamba zamani watu walikatwa fedha za chakula na nguo ili wapate habari za dunia. Na kwamba baada ya kusikia walipima, wakakubali au wakakataa. Kwa hiyo kabla hamjaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, iangalieni kwanza. Muulizeni mzee wa nyumba ilinunuliwa lini, kwa fedha gani, na nani walikuja kusikiliza. Andikeni majibu yake katika daftari, kwa maana hata fundi hodari hawezi kumfufua mzee na habari zake.

Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Valvu: chupa ya kioo inayoipa nguvu sauti dhaifu ndani ya redio.
Kapasita: kidumu kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi.
Kulehemu: kuunganisha vyuma kwa risasi iliyoyeyushwa.
Volti: kipimo cha msukumo wa umeme.

MASWALI

1. Valvu inafananaje na kilango cha mfereji?
2. Kwa nini Redio ya Sufuria ilipewa jina hilo?
3. Betri ilidumu saa 300. Mtu akisikiliza saa 2 kila siku, itadumu siku ngapi?
4. Kwa nini wasikilizaji wa Lusaka waliishuku stesheni yao mwaka 1953?
5. Taja mambo mawili ya kufanya kabla ya kuiunganisha redio ya zamani na umeme.
6. Andika mistari mitano juu ya redio ya kwanza iliyoingia katika ukoo wenu.